Trekta Refu la Wegesa

Katika vijiji vya Nyanungu, mtu aliyetaka kununua dume la kulimia bila kujuta baadaye alipita kwanza nyumbani kwa Wegesa. Hakumtafuta mumewe, hata wakati mzee yule alipokuwa hai, wala hakuwatafuta shemeji zake. Alimtafuta yeye. Siku ya mnada ungemkuta amesimama, mikono nyuma, kanga imekazwa kiunoni, anamzunguka ng'ombe mara mbili bila kusema neno. Anatazama miguu. Anatazama kifua. Anampiga kofi kwenye nundu aone kama atashtuka. Halafu anasema "huyu", au anasema "twendeni nyumbani", na wanaume wazima wenye fedha zao mfukoni wanafuata nyuma kama watoto wa shule. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kurudi kumlaumu, na jambo hilo, tuseme ukweli, lilimvimbisha kichwa kidogo.

Kipimo chake kikubwa kilikuwa urefu. Dume refu, miguu mirefu, tumbo mbali na ardhi, hilo ndilo alilolipenda. Dume fupi hata kama lilikuwa nene kama gunia la ulezi alilipita bila kuligeukia.

Sasa huyu Wegesa alikuwa amezaa mabinti watupu, na mabinti wameolewa mbali, mmoja huko Mugumu, wengine ng'ambo ya mpaka. Mumewe alipofariki, nyumba ikabaki na mama mmoja na ng'ombe wengi. Kwa Wakurya hilo lina dawa yake. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari, akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa na msichana huyo wanakuwa watoto wa nyumba yake. Nyumba ntobu, ndivyo wanavyoiita. Wegesa akatoa ng'ombe, akamwoa Agustina, binti mrefu, mnyamavu, mwenye mikono ya kazi. Watoto wakaja, wakapewa majina ya ukoo wa marehemu, wakaanza shule. Agustina alimwita Wegesa mama, na Wegesa, alipomtaja kwa watu, alimwita mkamwana wangu.

Waliishi vizuri. Siwezi kusema walipendana, maana Wegesa asingeruhusu neno hilo litumike uani kwake. Yeye alisema "tunaelewana", na kwake hiyo ilikuwa sifa ya mwisho ambayo binadamu anaweza kumpa mwenzake. Mtu akimuuliza Wegesa kwamba huyu Agustina ni nani kwake, alijibu, "Ni nyumba yangu."

Shida yao ilikuwa shamba. Shamba lenyewe lilikuwa zuri, udongo mweusi, lakini lilikuwa limelala kwenye mlima, na wala si mlima wa kutania. Kulima na madume manne kunataka watu watatu: mmoja mbele anaongoza, mmoja na kiboko, mmoja ameshika plau. Zamani vijana wa kuomba walikuwepo. Siku hizi aliyepata miguu ya kutembea yuko kwenye machimbo upande wa Kewanja, na aliyebaki ana bodaboda. Kwa hiyo Agustina alishika plau na kiboko pamoja, na Wegesa, mwenye goti bovu, akaongoza mbele. Mwaka uliopita goti hilo liligoma katikati ya mstari. Mama wa watu akakaa chini, madume manne yakasimama juu yake yakimpumulia usoni, na Agustina akaiacha plau akaja mbio akidhani amekanyagwa.

"Mama, tutafute trekta dogo," alisema Agustina jioni ile huku akilichua goti kwa maji ya moto. "Nimeona lile la yule mtu wa Sirari. Mtu mmoja tu anakaa juu, analima."

"Na huyo mtu mmoja atakuwa nani?"

"Mimi."

Wegesa alifikiri siku kadhaa. Halafu akauza madume yote manne na mitamba kadhaa. Madume aliwauzia watu anaowafahamu, na kila mmoja alimwambia jina la dume lake na upande linaopenda kufungwa nira, maana aliona aibu kuwatoa kama vitu. Siku aliyotoka mnadani hakula.

Walikwenda Sirari asubuhi, wakashuka penye maroli yanayosubiri kuvuka, wakaulizia fundi Nikodemo. Huyu alikuwa na uwanja wake nyuma ya maegesho, na alikuwa akileta matrekta madogo yaliyokwisha kutumika Japani, anayakarabati, anayauza. Akatoka chini ya roli na mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Sasa mathe, karibu. Unataka gani?"

"Mimi ni mathe wako?" akasema Wegesa. "Kwanza shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, tuonyeshe."

Uwanjani yalikuwepo matrekta mawili. Moja lilikuwa jekundu, fupi, pana, tairi nene, tumbo karibu na ardhi. La pili lilikuwa la bluu, limesimama juu ya magurudumu marefu membamba, na magurudumu hayo yalikuwa yamekaribiana.

"Shamba yenu iko aje? Iko flat ama iko mlima?" Nikodemo akauliza.

"Mlima," akajibu Agustina.

"Basi msisumbuke, chukueni hii nyekundu. Iko chini, iko pana, haiwezi kuwaangusha haraka. Hii ya bluu ni ya mashamba ya mpunga, inapita kwa matope. Inataka mahali tambarare."

 Wegesa alikuwa ameshaanza kuzunguka. Akalizunguka jekundu mara moja tu, akaguna. Tumbo lile chini namna ile lilimkumbusha nguruwe. Akahamia kwenye la bluu. Akalizunguka mara mbili, mikono nyuma. Akatazama miguu. Akatazama kifua. Akalipiga kofi kwenye boneti, na kwa kuwa ni chuma, halikushtuka.

"Hili," akasema.

"Mama," Agustina akasema taratibu, "fundi anasema lile jingine ndilo la mlimani."

"Fundi anajua vyuma. Mimi nimechagua madume kabla yeye hajazaliwa. Kitu kifupi kitavukaje visiki vyetu?"

Hilo la visiki lilikuwa na maana kidogo, ndiyo sababu Agustina akanyamaza. Nyuma ya kiti cha trekta la bluu ulikuwepo upinde wa chuma uliosimama juu kuliko kichwa cha mtu. Wegesa akaupima kwa macho, akakumbuka banda lake.

"Na haya mapembe ni ya nini?"

"Hiyo ni ya kukulinda ikipinduka. Unafunga mkanda, ikilala, chuma inashika chini, wewe hausagwi."

"Litapinduka kwa nini? Ondoa, halitaingia bandani na hayo."

Nikodemo alibisha, kisha akabisha tena, akasema yeye hawezi kumshauri mteja hivyo. Mwisho akafungua nati, kwa sura ya mtu aliyelazimishwa kumnyoa mwenzake ndevu bila ridhaa, akaufunga upinde ule na kamba juu ya plau ya sahani mbili iliyouzwa pamoja na trekta. Walipofika nyumbani Wegesa aliutazama, akaona ni chuma kizuri, hakiwezi kuliwa na mchwa. Akauweka kwenye lango la zizi.

Nikodemo, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikuja kumfundisha Agustina kwenye kiwanja cha mpira cha shule. Agustina alishika haraka. Alijua klachi, alijua gia, alijua liva ya kuinua na kushusha plau. Wegesa alikuwa anakaa pembeni na majirani, anatazama trekta lake refu likikata kiwanja, na kila aliyelisifu alipewa uji.

Siku ya kulima ikafika. Wakaanza kama walivyozoea na ng'ombe: kutoka chini ya shamba, kukata mlima kwa upana, kwenda na kurudi. Kila mtu mlimani analima kwa upana, maana ukilima kwa kushuka, mvua ya kwanza inakupelekea udongo kwa jirani. Kwenda kulikuwa kuzuri. Udongo ulipinduka mweusi, ukang'aa, na Wegesa akacheka peke yake. Agustina akageuza, akaanza kurudi.

Katika kurudi, magurudumu ya kulia, yale yanayopita ndani ya mfereji uliokwisha kulimwa, sasa yalikuwa upande wa chini wa mlima. Trekta likainama. Gurudumu la kushoto, la upande wa juu, likapanda kichuguu kidogo kilichofichwa na nyasi, kichuguu ambacho dume lingekizunguka lenyewe bila kuambiwa. Wegesa alikuwa amesimama mbali kidogo, na aliona wazi: gurudumu lote la juu liliacha ardhi. Aliona nyasi za ng'ambo kupitia chini yake.

Agustina hakupiga kelele. Alishusha plau chini kabisa na kukata usukani kuelekea bondeni, na trekta, baada ya kufikiri kidogo, likarudi kukaa kwa magurudumu yote, likateremka hatua chache, likasimama. Akazima injini. Akashuka, akakaa kwenye udongo, akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu ambaye mwili wake haujui ufanye nini kingine.

Wegesa hakucheka. Alifika pale na goti lake hilo kwa mwendo ambao asingeuamini mwenyewe, akamshika Agustina mabegani, akamkagua kichwa, mikono, mbavu, kama anavyokaguliwa mtoto aliyeanguka kutoka mtini. Alipoona ni mzima, akakasirika.

"Hupandi tena," akasema. "Umenisikia? Hupandi tena kitu hiki."

Agustina aliruhusiwa tu kulirudisha trekta bandani, kwa kupita chini, barabarani, polepole. Likakaa. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa ziwa, watu wakalima, wakamaliza, wakaanza kuuliza. Kuku mmoja akaona kile kiti kinamfaa, akataga juu yake, na hakuna aliyemfukuza.

Ndipo akaja Simioni, mdogo wake marehemu mume wa Wegesa. Simioni alikuwa mtu wa kusaidia, ila msaada wake siku zote ulikuja na maneno mengi, na maneno yalitangulia.

"Shemeji," akasema baada ya kupewa kiti, "umefanya vizuri kumshusha huyo binti. Chombo kile kinataka mwanaume. Nitakupa kijana wangu Ezra alime. Ezra haogopi kitu."

 Na hapa lazima nimseme Wegesa, ingawa nampenda: alifurahi. Moyo wake ulitulia mara moja, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Ezra atapanda, Agustina atakaa chini, shamba litalimwa.

"Umesema vema," akaanza.

Agustina alikuwa anapepeta ulezi kando yao. Hakuacha kupepeta.

"Kwa hiyo likipinduka, afe Ezra?" akauliza.

"Ezra ni mura, kijana wa jando," Simioni akasema. "Akianguka atainuka."

"Baba mdogo, chini ya kile chuma hainuki mtu." Akamgeukia Wegesa. "Mama, ukiona linaweza kuua, basi lisipandwe na mtoto wa mtu yeyote. Na ukiona halitaua, nitapanda mimi."

Simioni akakohoa.  "Wewe hujui," akasema Wegesa. "Wewe ndiye nyumba yangu. Ukiondoka wewe, nyumba imefungwa." Lilikuwa jibu la kweli, na wote watatu walilielewa, lakini yeye mwenyewe alihisi lina upungufu mahali fulani. Siku ile mlimani, alipoona nyasi za ng'ambo chini ya gurudumu, hakufikiria nyumba hata mara moja.

Simioni alipoondoka, jua likiwa bado lipo, Wegesa aliingia bandani peke yake. Akamtoa kuku. Akalizunguka trekta mara mbili, mikono nyuma. Safari hii hakutazama miguu. Alitazama nafasi iliyo kati ya mguu na mguu. Akakumbuka jambo ambalo alikuwa analijua tangu utotoni na ambalo hakuwahi kulihitaji, kwa sababu dume likisimama kwenye mteremko hupanua miguu lenyewe. Linajua kwamba linaanguka. Hiki chuma hakijui. Miguu yake ilikuwa pale pale ilipofungwa na nati, myembamba, na mwili wote umewekwa juu.

Akatoka nje.

"Agustina."

"Abee mama."

"Nilichagua vibaya."

Ungo ulisimama hewani. Kwa miaka yote aliyokaa katika ule ua, Agustina hakuwahi kusikia maneno hayo mawili yakikaa pamoja katika kinywa kile. Alikuwa na akili ya kutosha kutoyapokea kwa kelele. Akasema tu, "Basi tumpigie fundi."

Wakampigia. Wegesa aliuliza kwanza kama anaweza kubadilishana na lile jekundu. Nikodemo akacheka kwenye simu: jekundu lilikwishakwenda Serengeti, aliyelinunua anawalimia nusu ya kijiji. "Lakini hata hilo refu tunaweza kulituliza," akasema. "Haliwezi kuwa fupi, ila linaweza kuwa pana na zito huku chini. Na mama, ile chuma yangu iko wapi?"

"Ipo," akasema Wegesa.

Kesho yake Nikodemo akaja na bodaboda mbili, moja imembeba yeye, nyingine imebeba madramu ya breki ya maroli, mazito, yaliyochoka, yale yanayotupwa nyuma ya maegesho Sirari. Aliingia uani, akasalimia shikamoo bila kukumbushwa, kisha macho yake yakatua kwenye lango la zizi. Akautazama upinde. Akamtazama ndama aliyekuwa anajikuna nao. Kwa heshima kubwa sana hakusema chochote, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Cheka, umalize," Wegesa akamwambia. "Halafu tufanye kazi."

Wakaanza na magurudumu ya nyuma. Nikodemo akapiga jeki, akayatoa yote mawili, akawaonyesha jinsi rimu ilivyobonyea upande mmoja kama sahani. "Sasa hivi shimo ya sahani inaangalia ndani, kwa hivyo tairi imekaa ndani. Tukiigeuza, tairi inatoka nje." Agustina akataka kulirudisha gurudumu pale pale likiwa limegeuzwa, fundi akamzuia: likigeuzwa upande ule ule, meno ya tairi yataangalia nyuma, halitashika udongo. La kulia lazima lihamie kushoto, la kushoto lihamie kulia. Wakayabadilisha. Trekta liliposhushwa, Wegesa akaliangalia kwa nyuma na kuona limepanua miguu. Hakuna aliyemwambia kuwa ni vizuri. Aliona.

Halafu maji. Nikodemo akageuza kila tairi mpaka valvu ikawa juu kabisa, akachomoa kipini cha ndani kinachozuia hewa, akafunga mpira wa maji kutoka kwenye pipa lililowekwa juu ya tuta. Agustina alichota, fundi alijaza, akawa anasimama kila mara ili hewa itoke, ikipiga miluzi, mpaka maji yakaanza kurudi kwenye valvu. Robo ya juu ikabaki ya hewa.

"Unalinywesha?" Wegesa akauliza.

"Nalinywesha. Maji yote iko chini, karibu na ardhi. Ukitaka kitu isianguke, ongeza uzito pale inapokanyaga."

Madramu mawili ya breki yakafungwa kwa bolti ndani ya rimu, moja kila upande. La tatu likaenda mbele, kwenye pua, kwa sababu plau ikiinuliwa nyuma, trekta jepesi huinua uso. Halafu ikafika zamu ya upinde. Wegesa alikwenda mwenyewe kuung'oa langoni. Aliusugua mavi ya ng'ombe kwa jani la mgomba, akaukabidhi kwa mikono miwili. Nikodemo akaufunga nyuma ya kiti, akavuta mkanda, akaufungua na kuufunga mara kadhaa. Kwa kuwa sasa trekta halikuweza kuingia bandani, Wegesa alichukua panga akapasua mlango wa banda mpaka juu. Nyasi za paa zilimwangukia kichwani, akazipangusa, akaendelea kupasua.

"Kuna kitu moja imebaki," Nikodemo akasema, sasa wamekaa wanakunywa uji. "Ile kulima kwa kurudi. Mfereji ikiwa upande wa chini, gurudumu inaingia shimoni na mlima inaisukuma. Hata na hii maji yote, mimi sipendi."

Wegesa akaweka kikombe chini. Alikuwa na neno, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kichuguu, sauti yake ilikuwa ile ya mnadani.

"Mimi madume yangu, refu kuliko yote nililiweka kulia. Kwa sababu la kulia hutembea ndani ya mfereji. Refu likiwa shimoni na fupi likiwa juu, nira inakaa sawa."

"Ndiyo, mama," akasema Agustina.

"Basi mfereji uwe juu. Gurudumu la mlimani ndilo lishuke shimoni. Hapo litasimama sawa."

Nikodemo akachora uani kwa kijiti. Plau inatupa udongo kulia. Ukienda huku mlima uko mkono wako wa kulia, mfereji unakuwa upande wa juu, gurudumu la juu linashuka, la chini linakaa kwenye ardhi nzima, na trekta linanyooka. Unaanza juu, unateremka mstari kwa mstari. Kurudi, unainua plau, unazunguka kwa njia ya chini bila kulima, unaanza upya. Udongo nao unatupwa kuelekea juu, kwa hiyo hata shamba linabaki mahali pake.

"Mafuta yatakwenda kwa kutembea bure," akasema fundi.

"Yaende," akasema Wegesa.

Na pale juu kabisa, penye mawe, Nikodemo alikataa. Alisema pale hata ukiweka ziwa zima ndani ya tairi, usipande. Wegesa akaamua pale pabaki pa majani ya ng'ombe.

Wakalima siku iliyofuata, mawingu yakiwa tayari yameshuka. Simioni alikuja kutazama, na Ezra, ambaye hakuwa amewahi kuulizwa kuhusu ujasiri wake, alikuja akakaa mbali, salama kabisa. Agustina akapanda, akafunga mkanda, akawasha. Mlima ulikuwa kulia kwake. Akashusha plau.

Halafu akaona Wegesa yuko mbele.

Mama yule alikuwa amesimama katikati ya njia ya trekta na fimbo yake, amegeukia mbele, goti limefungwa kitambaa, vile vile alivyosimama mbele ya madume kila mwaka. Akaanza kutembea. Agustina akamfuata kwa gia ya kwanza, polepole kuliko ng'ombe yeyote, na kwa hatua kadhaa watu wote pale walitazama jambo la ajabu: trekta linaongozwa kwa fimbo na mwanamke anayechechemea, ambaye kila baada ya hatua mbili anageuka kuangalia gurudumu la juu kama liko chini. Lilikuwa chini. Lilikuwa limetulia mferejini kama dume refu la zamani.

Agustina akasimamisha trekta. Akazima.

"Mama, toka mbele."

"Naongoza."

"Hakuna cha kuongoza. Hiki chuma hakikuoni. Dume lingesimama, hiki hakisimami."

"Nitaongoza mstari wa kwanza tu. Nikiona linainama, nitakuambia."

"Na goti likigoma?" Sauti ya Agustina ikapanda, yeye ambaye hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Siku ile lilipogoma niliacha plau nikaja kwako mbio. Leo nimefungwa huku juu. Mama, nikikukanyaga wewe, mimi nitabaki na nani?"

Wegesa alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa limekaa ulimini miaka yote: utabaki na nyumba. Utabaki na watoto, na shamba, na ng'ombe waliobaki, ndiyo maana uliolewa. Alimtazama binti yule juu ya kiti, mikono imeshika usukani mpaka vidole vimepauka, macho yamejaa maji mbele ya Simioni na mbele ya watu, na jibu lile likamwishia.

"Mkanda umefunga?" akauliza.

"Nimefunga."

"Ukaze."

Agustina akaukaza. Wegesa akatoka mbele ya trekta, akapanda upande wa juu, taratibu, akiegemea fimbo. Akamwambia Simioni asogee. Kisha akakaa kwenye nyasi na kunyoosha goti lake, na injini ikawaka tena. Katika maisha yake yote ilikuwa mara ya kwanza kukaa chini kwa hiari yake wakati shamba lake linalimwa.